Malaya Kumi na Moja, Si Kumi na Mmoja

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Afande,

YAH: KUREKEBISHIWA SARUFI, KURUDISHIWA ZANA NA KURUDISHIWA MKE

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, basi habari za kazi. Mimi ni yule mwalimu wa Kiswahili mliyemkamata Jumamosi mchana, kibarazani kwake, akiwa na kufuli mapajani. Nilisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Wengine hufuga njiwa, wengine hukusanya stempu. Mimi hufungua makufuli. Nayanunua sokoni yakiwa yamepotelewa na funguo zake, nakaa nayo, nayapapasa ndani kwa vijiwaya, na kufuli likilia "ta" moyo wangu hutulia kuliko ninapomeza dawa ya presha. Yote ni yangu kwa jasho langu. Tangu nizaliwe sijawahi kufungua mlango wala kufuli la mtu bila ruhusa yake, na juu ya msingi huo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Katika sanduku langu mlikuta funguo kumi na moja za aina ambayo mafundi huziita funguo malaya, kwa sababu hazichagui kufuli. Jina hilo sikulitunga mimi. Konstebo wa zamu aliniuliza ni vitu gani, nikamjibu kitaalamu. Naye akaandika kwenye daftari la kituo, nanukuu: "Mtuhumiwa amekutwa na malaya kumi na mmoja, amewafungia ndani ya sanduku la chuma. Wote wembamba. Wawili wamepinda. Mmoja ana kutu." Jamani! Neno "funguo" limedondoka njiani, na ngeli nzima ikabadilika. Sanduku lenyewe halitoshi mkate mmoja. Hivi konstebo hakujiuliza waliingiaje?

2. Penye "Sababu ya kuwa nazo" ameandika: "Starehe. Anadai mkewe anajua. Kila jioni huwatoa mmoja mmoja, huwapaka mafuta, akimaliza huwaviringisha kwenye kitambaa." Afande, nakiri kwamba kila neno nililisema mimi. Nilikuwa nazungumzia chuma.

3. Mke wangu alikuja kunidhamini, na chupa ya chai mkononi. Akapewa karatasi asome kabla ya kutia sahihi. Akasoma. Akarudia pale penye kutu. Akaweka kalamu mezani taratibu, akachukua chupa yake, hata funda moja sikuonja, akaenda zake kwa dada yake. Leo ni siku ya tisa. Mama mkwe amenipigia simu akiwa na swali moja tu, kwamba hao kumi na mmoja walikuwa wa nini wakati huyu mmoja tu nilishindwa kumnunulia jiko la gesi. Shemeji, huyo dada mtu, hanifungulii mlango. Nilisimama dirishani kwake nikamweleza tofauti ya ngeli ya watu na ngeli ya vitu, kwa mifano, akavuta pazia. Hapa naweka utani kando, afande: nimemkumbuka mke wangu. Miaka kumi na tisa tumelala nyumba moja, na sasa naongea na makufuli, nayo hayajibu.

4. Nimesomewa kwamba ni kosa mtu kukutwa na zana za kuvunjia bila sababu halali. Sheria naiheshimu, lakini naomba isomwe hadi mwisho. Mimi sivunji, nafungua; hivyo ni vitenzi viwili na havijawahi kuwa kimoja. Kama kumiliki kitu ni sawa na kukusudia uovu, basi mwuza nyama anayetazamana na kituo chenu angekuwa kifungoni zamani, kwa visu vile. Na jirani aliyekuja kuniripoti, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, ashitakiwe kwa kukutwa na ulimi. Sababu halali ya kuwa nao hana, na madhara yake yana mashahidi.

5. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alipokuja kunidhamini, nilitakiwa nirudishiwe mkanda na viatu. Vilikuwa kwenye kabati la vielelezo, na ufunguo wa kabati hauonekani tangu mwezi uliopita. Konstebo akakuna kichwa, akaniuliza kwa adabu kama naweza kuwasaidia. Nikaomba kibanio cha karatasi, nikakinyoosha, kabati likafunguka. Mlipiga makofi! Halafu kibanio kikachukuliwa kuwa kielelezo, na chini ya wale kumi na mmoja kukaongezwa: "Mwingine mmoja, mpya, amekutwa naye ndani ya kituo." Hii mke wangu bado hajaisikia. Nakusihi isimfikie.

6. Nimalize na la kisheria. Kwa kuwa ofisi yako imeshathibitisha kwa maandishi na mhuri kwamba kilichokamatwa ni watu, basi watu hao wamekaa kabatini siku tisa bila chakula, bila wakili na bila kufikishwa mahakamani. Wapewe dhamana mara moja. Niko tayari kuwadhamini wote. Kama si watu, basi ni vitu, na vitu nirudishiwe. Ofisi ichague mojawapo, maana haiwezekani wawe malaya kwa mke wangu na funguo kwa hakimu.

Kwa hiyo naomba daftari lisahihishwe, sanduku lirudi, na mke wangu aandikiwe barua yenye mhuri, neno FUNGUO likiwa kwa herufi kubwa. Konstebo simwombei adhabu. Aje darasani kwangu kidato cha pili, Jumanne saa nne, akae mbele.

Nisalimie wote hapo kituoni: konstebo mwenyewe, yule dada wa kantini aliyenipa maji, mahabusu mwenzangu mwenye kikohozi, na mbwa wenu.

Wako katika upatanisho, wa kisarufi na wa ndoa,

Mwalimu

Tanbihi: Nikiwa njiani kuileta barua hii nilipitia kwa shemeji ili nimsomee mke wangu. Shemeji akanifungia hadi dirisha, akazungusha kitasa mara mbili. Afande, sijui nilipatwa na nini. Nilitoa spoki mbili za baiskeli mfukoni (ndiyo, ninazo, hizo hazikuwa sandukuni), na mlango ukafunguka kabla shemeji hajafika kwenye kochi. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akatazama spoki, akatazama kitasa, akaniuliza kama na zile kumi na moja zinafanya hivyo hivyo. Nikamwambia ndiyo, ila ile yenye kutu husumbua. Alicheka mpaka sinia likamponyoka. Hivi sasa anafunga begi lake. Bahati mbaya shemeji ameshawapigia simu, na naona vijana wako wanashuka kwenye gari. Kwa hiyo yale niliyoandika kuhusu ruhusa yafute, na kwenye hilo gari tuwekewe nafasi ya watu wawili. Mke wangu amesema haniachi tena nikatoe maelezo peke yangu.