Hotuba ya Mkurugenzi Dhidi ya Mistari ya Dobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu saa tatu; Mganga Mkuu; Matroni; wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Alama na Mwonekano; wauguzi, wahudumu, wagonjwa mnaoweza kukaa na ninyi mnaolazimika kulala; na yeyote mwenye cheo ambacho nimekisahau, ajione ametajwa. (Makofi machache.)

Mimi, Mkurugenzi wa Uratibu wa Usanifu, Alama na Mwonekano wa Taasisi, mwenye shahada tatu, na ya nne iko kwa mchapaji, nimesimama katika ukumbi huu wa kusubiria kuzindua Mradi Jumuishi wa Vibao vya Kitaalamu, mradi ambao kwa mujibu wa fremuweki yetu umekamilika kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mzee mmoja anauliza dirisha la dawa liko wapi. Ananyamazishwa.)

Ndugu zangu, yapo maneno mitaani kwamba mtu anaweza kuwa msanifu, akachora, akapanga, akaelekeza umma, bila shahada ya chuo kikuu. Swali hili nimelijadili kwenye wokshopu saba, tano kati yake nikiwa peke yangu, na jibu lilikuwa hapana kwa kauli moja. Leo nitalithibitisha kwa mambo yaliyotokea humu humu.

Hospitali yetu, kama mjuavyo, ni majengo matatu yaliyounganishwa na korido zilizojengwa na watu ambao inaonekana hawakuwa wakisalimiana. Wagonjwa walikuwa wakipotea, nakiri, lakini walipotea kwa utaratibu. Ndipo akajitokeza dobi. Simtaji jina, mnamjua; mama aliyefua mashuka yenu miaka kumi na tisa, aliyeishia shule ya msingi, na ambaye kila shuka huliwekea uzi wa rangi ili lisipotee: nyekundu wodi ya wazazi, kijani watoto, njano upasuaji. Mama huyu, bila kibali wala konsepti, alikaa kwenye benchi la getini wiki mbili nzima, kila mapumziko ya mchana, akiwauliza watu, "Umepotelea wapi, mwanangu?" Kisha akachukua rangi zilizobaki baada ya kupaka uzio, akachora mistari ya rangi zile zile za nyuzi zake ukutani, kutoka getini hadi kila wodi, na kwenye kila kona picha ndogo: mtoto, jino, mguu.

Nilimwita. Nikamuuliza kwa nini mistari iko chini, usawa wa kiuno, wakati viwango vya kitaalamu vinataka juu ya mlango. Akanijibu, "Mkuu, mtu mwenye maumivu hatazami juu. Anatazama anapokanyaga." (Makofi makubwa.) Sikuomba makofi hapo.

Madhara yalikuwa makubwa. Watu walianza kufika. Foleni ya kuuliza njia ilikufa ghafla, na mhudumu wa dawati la maelekezo akabaki anafuma sweta. Wagonjwa walikuwa wakizifikia wodi kwa kumfuata mtu asiye na cheti! Kwa ujasiri ambao historia itaupima, niliagiza mistari yote ifutwe kwa rangi nyeupe, ipakwe mara mbili. (Minong'ono.)

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaja mama mwenye uchungu, pamoja na mumewe, fundi wa kuchomelea. Waliuliza dawatini, wakaelekezwa kwa kidole. Kidole kikawapeleka kwenye stoo ya mafaili, kutoka hapo kwenye chumba cha jenereta, na hatimaye mlangoni kwangu, nikiwa kwenye kikao cha stratejia ya mzunguko wa watu. Yule fundi alisema, "Mzee, samahani, mke wangu anakaribia kujifungua." Nikamwambia, "Bwana, hapa kuna kikao." Nikafunga mlango kwa adabu.

Mama yule alianguka mbele ya chumba cha kufulia. Dobi akatoka mbio, akatandika mashuka masafi sakafuni, akamshika mabega, akamtuma mumewe amwite mkunga, naye mume, kwa kuwa hakujua njia, akakimbia akipiga kelele kila mlango. Mtoto akazaliwa kati ya vikapu vya nguo chafu. Hakulia. Dobi alimsugua mgongo kwa taulo, akimwita, "Njoo baba, njoo, tupo hapa," mpaka mkunga akafika akihema, akamsafisha pua na kinywa, na mtoto akalia kiasi kwamba mimi mwenyewe nilitoka kuomba sauti ipunguzwe. Mama alikuwa anavuja damu. Mkunga aliniambia baadaye, na hakuniambia kwa heshima, "Dakika tano zaidi tungemzika." Dakika tano, ndugu zangu, ni muda ambao hauna hata indiketa katika ripoti yetu! (Mtu anapiga mluzi. Mama mmoja, mtoto begani, anasimama nyuma ya ukumbi.)

Kwa shinikizo la Matroni nikatangaza nafasi ya Afisa Usanifu. Dobi akaomba. Hakuleta wasifu, alileta shuka, na juu ya shuka ameshona ramani ya hospitali nzima kwa nyuzi zake, kila korido na kila ngazi. Kwenye meza ya usaili tulikuwa mimi, naibu wangu, na mwana wa dada yangu, kijana mwenye shahada safi ya usanifu, miaka minne darasani, ambaye, kwa uwazi na uwajibikaji, nafasi ilikuwa imekatwa kwa vipimo vyake.

Nikamuuliza, "Mama, shahada yako iko wapi?"

"Sina, mkuu. Nina shuka." (Kicheko.)

"Shuka si cheti."

"Kweli, mkuu. Lakini cheti hakimwambii mtu eksirei iko wapi."

Nikamgeukia mpwa wangu ammalize kwa nadharia. Yeye akainuka, akalipapasa lile shuka taratibu kama anayetembea usingizini, akauliza, "Mama, ulijuaje kwamba picha ziwe kwenye kona?"

"Kwenye kona ndipo walipokuwa wanaanza kulia, mwanangu."

Basi akanigeukia mimi, mbele ya naibu wangu! "Mjomba, jambo hili nimefundishwa muhula mzima, kwa majina marefu. Sijutii kusoma. Shahada imenisaidia kumtambua mtu anayeijua kazi. Mpe yeye, mimi nitajifunza kwake."

Nikamwambia, "Nitamwambia mama yako."

Akasema, "Ni dada yako mkubwa. Mwambie tu, tuone nani atasemwa." (Kicheko kirefu. Matroni anafuta machozi.)

Cheka, Matroni. Lakini msimamo ni ule ule: dobi haruhusiwi kushika brashi ndani ya eneo la taasisi, na ushahidi wangu, kama mlivyousikia, unajitosheleza. (Kelele: "Umejishtaki mwenyewe!")

Sasa tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Shahada," mseme "Kwanza." Shahada! (Kimya.) Shahada! (Sauti kutoka nyuma: "Dirisha la dawa!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru seremala kwa vibao arobaini ambavyo angevitengeneza kama angepewa mbao. Namshukuru mchapaji kwa maandishi ambayo angeyachapa kama yangeandikwa. Naishukuru Ofisi ya Usanifu, ambayo haina mlango kwa sababu haina chumba. Na namshukuru mtaalamu wetu, mwana wa dada yangu, aliyenirudishia barua ya ajira ikiwa haijafunguliwa, na ambaye, naletewa kikaratasi hapa, yuko getini wakati huu, kwa idhini ya Mganga Mkuu, amemshikia dobi kopo la rangi nyekundu na tayari wamefika... wamefika wodi ya wazazi? (Makofi. Watu wanainuka.)

Ndugu wananchi, ketini, bado kuna kiambatisho! Matroni, unakwenda wapi? Mganga Mkuu, nawe? Mama, wewe mwenye mtoto, hujaruhusiwa! Mzee, dirisha la dawa halijazinduliwa rasmi! (Milango inafunguliwa. Viti vinaburutwa.)

Basi ahsanteni kwa kunisikiliza. Namaanisha wewe, fundi mitambo, ndiwe uliyebaki.

(Fundi mitambo: "Mimi nasubiri kipaza sauti tu, mkuu.")