Jinsi Fundi Alivyoagiza Mstari wa Mwisho

Sogeeni, enyi mnaopika na mnaopikiwa, enyi wenye meno yenu na enyi mliobakiwa na fizi. Punguzeni moto chini ya sufuria, mfuniko muuache nusu wazi ili mchuzi usimwagike mkiwa huku, kisha mnitegee masikio. Nawasimulia tendo lililotendwa Jumamosi, saa saba na robo mchana, katika mkahawa wenye mlango wa kijani, na mume wangu Fundi, mshona suti mstaafu, Mpima Viuno vya Mataifa, Bwana wa Futi ya Utepe, aliyeketi kitini, akanyoosha kidole, akaagiza chakula. Wepesi wa kucheka watauliza, kuagiza chakula nako ni vita? Wangoje. Mimi nilikuwepo, na nilikaa upande ule mishale ilikopita.

Mtaa wetu una majiko kumi na moja ya watu waliohama na sufuria zao kutoka pande zote za dunia. Wapo wabandika mkate kwenye ukuta wa tanuru, wapo wala tambi kwa vijiti viwili, wapo wale ambao pilipili kwao ni mboga. Fundi aliwashonea wote hao suruali kwa miaka arobaini, na siku aliyofunga cherehani alitamka mbele yangu maneno haya: "Mke wangu, matumbo ya watu hawa nimeyajua kwa nje. Sasa nitayajua kwa ndani."

Basi ikawa kila Jumamosi tunauvamia mlango mmoja. Katika Vita vya Pilipili alilia kwa macho yote mawili, akasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa la umeme. Katika Vita vya Vijiti mwenye duka, kwa wema wake, alisema kwa sauti, "Mzee, umevishika kichwa chini." Fundi akasimama, akavaa kofia, akatoka na njaa yake, nami nikamfuata na mwavuli, tambi zikibaki zinafuka mezani. Huyo ndiye Fundi. Atavumilia sindano kidoleni, atavumilia hata dada yangu kuja kwetu kwa siku mbili akakaa mwezi. Kukosolewa mbele za watu hawezi, hajawahi, na sidhani kama ataanza sasa.

Ndani ya mkahawa wa mlango wa kijani alikuwamo mjukuu wetu wa kike, ambaye babu yake humwita mke mdogo nami humwita mke mwenzangu. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya majaribio. Miezi minane alikuwa ametafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Orodha ya chakula ya mkahawa ule imeandikwa kwa herufi za kwao wenyewe, na mtoto yule alizisomea mezani kwangu jikoni, akiziandika kwa kidole juu ya unga niliomwaga kwenye ubao, mpaka chapati zetu zote za mwezi ule zikawa zimepitia shuleni.

Na aliyemjaribu alikuwa Mama wa Kaunta, mwenye mkahawa, Kidevu Kiganjani, Jicho Lisilopepesa. Sharti lake lilikuwa moja: mteja mmoja akitoka bila kula, aproni irudi msumarini. Wiki ile msumari ulikuwa umerudishiwa aproni mara mbili.

Tukaingia. Fundi akaketi dirishani kama jemedari anayeangalia bonde, akaifungua orodha. Herufi zilikuwa kama nyuzi zilizofumuka. Mjukuu akaja na kidaftari chake.

"Karibuni wazee wangu. Babu, nikusomee?" akanong'ona.

Fundi akainua kiganja. "Mke mdogo," akanena, kwa sauti iliyofika mpaka kaunta, "mimi niliyesoma mabega ya majaji bila miwani, niliyemtazama bwana harusi mara moja tu nikajua ataoa akiwa na kilo ngapi, leo nisomewe karatasi ya wali? Kaa pembeni uone."

Kidole kikapaa. Kikazunguka juu ya orodha kama mwewe juu ya vifaranga, kikapita nyama, kikapita supu, kikadharau samaki, kikashuka, kikashuka, mpaka chini kabisa, kwenye mstari uliokaa peke yake ndani ya kisanduku. Hapo kikatua.

"Hiki," akasema Fundi. "Wamekizungushia mstari. Kitu kisicho na maana hakizungushiwi mstari. Leta viwili, bibi yako pia anakitaka."

Mimi nilikuwa sijui kama nakitaka.

Mtoto akautazama mstari ule. Akainama kama anayenyoosha kitambaa cha meza, akaniambia sikioni: "Bibi, hapo pameandikwa 'Tunafunga Jumatatu'."

Enyi mlio raha mstarehe, pimeni njia panda ile. Akiambiwa amekosea, Fundi atavaa kofia. Akivaa kofia, Mama wa Kaunta ataona. Akiona, miezi minane inarudi msumarini. Kofia yenyewe ilikuwa juu ya goti lake, karibu mno na kichwa.

"Basi nenda kakiagize," nikamwambia.

"Kitapikwaje, bibi?"

"Sijui, mwenzangu. Mpishi naye ana kichwa, tusimfikirie kila kitu."

Dirisha la jikoni lilikuwa mgongoni pangu, na masikio yangu bado hayajastaafu. Nikamsikia akitamka kama askari anayeripoti: "Meza ya dirishani. Tunafunga Jumatatu, mbili."

Kisu kikanyamaza ubaoni. Mpishi, mdogo wake Mama wa Kaunta, akauliza taratibu, "Mbili za nini?"

"Mjomba, ni babu yangu. Tukimwambia amekosea anaondoka, na akiondoka dada yako ananivua aproni."

Mwosha vyombo, anayeishi nao, akacheka mpaka akaangusha mfuniko. "Mwambieni imeisha."

"Itaishaje, na leo ni Jumamosi tu?" akasema mpishi, na nakiri kwamba mpaka leo sijaona kosa katika hoja hiyo. Kisha akagonga kisu ubaoni kama wakuu wa vita wanavyogonga ramani. "Hebu, wewe. Jumatatu tukifunga, nyumbani huwa tunakula nini?"

"Ukoko," akajibu mwosha vyombo. "Ukoko na dengu, kama siku zote."

"Nimpelekee mzee wa watu ukoko?"

"Si wewe mwenyewe unaula."

"Mimi nakuwa kwetu, nimevaa kaptura."

Mtoto akasema, "Mjomba, kofia ameishika mkononi." Na kweli Fundi alikuwa ameishika, akijipepea, maana chakula kilichelewa.

Ndipo niliposikia sauti ile, kwaru, kwaru, kwaru, kama panga elfu zikinolewa usiku wa kuamkia vita, kumbe ni mwiko ukibandua ukoko wa wali kwenye sufuria kubwa. Mafuta yakapiga kelele, vitunguu vikaingia vitani, yai likapasuliwa.

Kikaja. Ukoko mwekundu kama ngao ya shaba, umeloweshwa dengu nzito upande mmoja na upande mwingine umeachwa mkavu, yai limelala juu na vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa vyeusi ncha. Fundi akatazama, akanitazama mimi, akasema, "Unaona?"

Kisha akashambulia. Fahamuni kwamba meno ya juu ya Fundi ni ya kununua, na yale ya chini yamebaki sita, nayo hayaelewani. Ukoko ukapiga kelele, meno yakapiga kelele, mkahawa mzima ukageuka. Mara ya kwanza ukoko ulishinda, meno ya juu yakayumba, akayarudisha kambini kwa ulimi bila kuinua kichwa. Mara ya pili akaudanganya, akaupitisha kwanza kwenye dengu ukalegea, akaumaliza. Jasho likamtoka, akafungua kifungo cha koti, kisha cha pili, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye harusi ya binti yetu. Nami nikaonja changu, nikaacha kusikiliza jikoni.

Mama wa Kaunta akanyanyua kidevu kwenye kiganja. Akaja, viatu vyake vikihesabu vigae, akasimama mbele ya sahani. Mjukuu wetu akasimama ukutani, mikono nyuma, vidole tayari kwenye fundo la aproni.

"Nani," akasema mama yule polepole, "ameleta ukoko wa kwetu mezani?"

Jikoni hapakuwa na mtu. Yaani walikuwepo, wameinama.

"Mimi ndiye niliyeuagiza," akasema Fundi, na akaweka kidole kwenye kisanduku.

Mama akasoma kile kisanduku alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Akamtazama mtoto, akalitazama dirisha la jikoni, akakitazama kisanduku tena. "Mzee wangu, hiki hakiuzwi. Hiki ni cha nyumbani, mama yetu alitupikia siku ambazo—"

"Kama hakiuzwi," akauliza Fundi kwa upole wa mshindi, akipangusa masharubu, "kwa nini mmekiandika?"

Mzee wa meza ya pili akainua mkono. "Dada, na sisi tuletee hicho cha kwenye kisanduku." Meza ya mlangoni ikasema hivyo hivyo. Wanawake watatu waliokwisha kulipa wakavua mikoba begani, wakakaa tena.

Sufuria ikakwanguliwa mpaka ikang'aa. Wateja wanne walipewa vipande vya pembeni, wawili wakagombania kimoja kwa maneno ya heshima sana. Hakuna aliyetoka bila kula.

Mama wa Kaunta akamwita mjukuu wetu. Mtoto akaja ameshaanza kulegeza fundo.

"Funga hiyo," akaambiwa. "Unaanza Jumatatu saa mbili asubuhi."

"Jumatatu tunafunga," akasema mpishi dirishani.

"Tulikuwa tunafunga. Watu hawa wakirudi Jumatatu kuutaka ukoko, utawapa nini, kaptura yako?"

Fundi hajui lolote hadi leo. Hukaa kwenye benchi la kinyozi akiwafundisha vijana kwamba katika orodha yoyote mtu mwenye akili huanzia chini. Akiyasoma haya, atakuwa peke yake, hakuna anayemtazama, kwa hiyo hatakuwa amekosolewa mbele za watu.

Andikeni basi, enyi watunza kumbukumbu za mambo makuu, na muandike kwa wino usiofutika: aliketi, akanyoosha kidole, akala, akashiba; mtoto akapata kazi, na Jumatatu ikafunguliwa.