Farasi Arobaini Nyuma ya Mashua ya Olive

Jumatatu, 24 Juni

Mashua imetoka bandani! Kijani ubavuni, nyekundu ukingoni, kama alivyoipaka baba yake mke wangu, Olive. Msimu mzima wa theluji nimebadilisha mbao, nimekalafati nyufa, nimejigonga kidole gumba kile kile. Leo nimeweka mto wa Olive kwenye ubao wa katikati. Mahali pake. Alikuwa akikaa hapo na chupa ya chai, akininyooshea kidole kila nilipokosea. Alifariki Novemba. Mto bado una umbo lake. Sikuukung'uta.

Chai haijapoa akaja shemeji Hedley, kaka yake Olive. Akaizunguka mashua, mikono mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema kazi nzuri, shemeji, kwa mtu wa bara. Miaka yote hii! Nilizaliwa kwenye misitu, nikaendesha gari la kusukuma theluji mpaka nikastaafu, na kwa watu wa ghuba hii hilo halisameheki.

Kisha akatoa la moyoni. Mkewe, Maud, anaitaka mashua. Aiweke mbele ya nyumba, aijaze udongo, apande maua ya petunia. Miche ameshanunua! Kweli nusu ya nyumba za barabara hii zina mashua kuukuu yenye maua. Ya mchungaji ina hata kibete wa saruji anayevua. Lakini hii?

Nikamkumbusha Hedley kwamba Olive aliniachia mimi. Akasema Olive aliiacha iende baharini, si ikae bandani ikipapaswa na mgane. Maneno makali. Tukapatana, tukapeana mikono. Jumamosi serikali inafungua msimu wa kuvua chewa wa kitoweo, kisiwa kizima cha Newfoundland. Nikiifikisha mashua Mwamba wa Baba, alikokuwa akivua mkwe wangu, na kurudi na samaki kabla ya adhuhuri, ni yangu hadi nife. Nikishindwa, petunia.

Bado injini. Akiwa langoni Hedley akageuka, akasema injini ya kupachika ya nguvu za farasi nane itanitosha kabisa.

Kwa hiyo nane haiwezekani.


Jumanne, 25 Juni

Nimekwenda gatini kuuliza, kijanja, bila kutaja mashua. Nikasema nina rafiki. Wote wakauliza rafiki yangu anataka kwenda na farasi wangapi Jumamosi. Ghuba hii haina siri.

Mmoja akasema sita. Mwingine ishirini. Wa tatu akasema makasia, akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, akayafuta kwa shati na kuyarudisha. Injini ya Hedley ilikuwa pale pale, nyeupe, kubwa kama jokofu. Mia na kumi na tano! Mashua yake ni ya plastiki, pana kama kitanda. Mtu mwenye mia na kumi na tano ananipimia mimi nane. Dharau hiyo.

Nikaenda kwa Triffie, mjane wa nyumba ya bluu kilimani. Mumewe aliacha injini ya arobaini. Triffie humwita kila mtu kipenzi, hata paka, hata mtu wa kodi. Akaniuliza, kipenzi, nyuma yake ina upana gani? Nikasema upana wa kutosha. Akauliza tunaongelea ya mashua au yangu mwenyewe. Nikaona haya. Akasema mashua ile ilichongwa kwa makasia, nyuma nyembamba kama ncha ya mkate, itakaa chini kama kuku anayetaga. Nikamwambia uzito huletwa na woga.

Sijui nilimaanisha nini. Lakini injini nimeipata, kwa kuni za kumtosha msimu ujao wa baridi, zimepasuliwa na kupangwa. Arobaini!


Jumatano, 26 Juni

Mgongo umekatika. Naandika nikiwa nimelala sakafuni.

Mashua ipo majini, injini ipo nyuma ya mashua, na omo, pua ya mashua, inatazama mbinguni. Nilisimama gatini nikaitazama. Inafanana na mbwa anayeomba mfupa. Maji yanaingia pia katikati ya mbao, kwa kuwa zimekauka bandani. Hedley akapita, akasema ziache zinywe maji siku kadhaa, zitavimba zijizibe zenyewe. Nikamjibu najua. Sikujua.

Kisha akaiona injini. Alivua kofia, akaishika kifuani kama yuko mazikoni, akaenda zake.


Alhamisi, 27 Juni

Jaribio la siri, alfajiri, watu wakiwa wamelala. Injini ikaunguruma, mbwa wote wa ghuba wakaitikia. Nikafungua mafuta kidogo tu. Omo ikainuka. Sikuona bahari tena, niliona mawingu. Mazuri, membamba. Nikazunguka mara kadhaa bila kukusudia na kupita juu ya kamba ya boya la Hedley. Boya nimelirudisha. Si mahali lilipokuwa, lakini majini.

Nilipotazama madirishani, mapazia yalikuwa wazi kila nyumba. Triffie alinipungia kijiko.

Nimewaza kutwa. Tatizo si injini. Tatizo ni kwamba mbele hakuna uzito! Olive alikuwa na desturi ya kuniambia usiku, zima taa, mpango wako utakuwepo asubuhi. Na kweli ulikuwa ukiwepo, isipokuwa asubuhi alikuwa ameshauficha ufunguo wa gari.

Kizito gani? Mawe yapo bustanini, lakini ni yale aliyoyapaka chokaa na kuyapanga kando ya njia. Hayo hayaguswi. Nikaingia stoo. Magunia sita ya chumvi ya kukaushia chewa! Alinunua yeye, mwaka jana, akisema samaki watakuja tu. Nimeyapanga yote omoni.

Mashua imelala sawa. Sawa kabisa! Mimi ni mtu wa bara mwenye akili.


Ijumaa, 28 Juni

Bado iko sawa. Nimekumba maji na kuyamwaga nje asubuhi kwa birika la Olive. Yaliyo omoni sikuyafikia, magunia yamezuia. Si neno.

Maud akaja gatini na tepu ya kupimia. Akapima urefu, upana, kina. Akaniuliza kwa upole kama nina keekee, maana itabidi kutoboa matundu chini, maji ya maua yapate pa kutokea. Matundu! Nimekesha na mashua hii tangu mazishi ili isiwe na hata tundu moja. Nikamwambia keekee nimeazimisha. Akasema hakuna haraka, Jumapili inatosha. Mwanamke mwema, Maud. Ndiye aliyeniletea supu siku zile nilipokuwa siwezi kuwasha jiko. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri.

Nimekaanga unga wa mkate uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe, nikamiminia molasi, ile sharubati nzito ya miwa. Nimekaanga wa watu wawili. Mazoea.


Jumamosi, 29 Juni

Loo.

Niandike kwa mpangilio. Gati lilijaa. Kila mtu na kamba yake, samaki watano kila mtu ndiyo sheria, na kila mtu na ushauri wake. Mashua yangu ilikuwa imeinua omo kidogo, lakini sikutazama sana, nilikuwa namtazama Hedley. Alikuwa anafungua kamba taratibu, akipiga mluzi. Nikaona nafasi. Nimpite hapo hapo, mbele ya watu wote!

Nikafungua mafuta yote.

Sasa, chumvi. Magunia yalikaa ndani ya maji siku mbili. Mtu yeyote anayepika supu angejua. Magunia yalikuwepo, chumvi haikuwepo. Omo ikaruka juu, shetri kule nyuma ikazama, na bahari yote ikaingia kwa nyuma bila kubisha hodi. Injini ikapiga kelele kama bata anayekabwa. Vishikizo vya injini vikateleza, nikaiona ikielekea chini, polepole, ikitoa mapovu. Nikabaki nimekaa kwenye mto wa Olive, maji kifuani, kofia ikielea kando yangu. Jabali la barafu lilipita hapa mwezi uliopita. Baridi yake bado imo majini, nami niliihisi mahali pasipoandikika.

Hedley alikuwa wa kwanza kufika. Nilitarajia acheke. Alikuwa mweupe kama karatasi, akiniuliza mzima wewe, shemeji, mzima? Alipoona ni mzima ndipo akaniita mpumbavu, kisha majina mengine ambayo sikujua mwanakwaya kama yeye anayajua. Akatupa kamba anivute. Nikamuuliza, nikivutwa inahesabika? Akakuna kidevu. Akasema hapana, ukivutwa ni petunia.

Nikaitupa kamba yake majini.

Hedley akanirushia ndoo. Mwenyewe akaishika mashua yangu ubavuni isipinduke, na mimi nikakumba, ndoo mkono huu, birika mkono huu. Na ikainuka! Bila lile dude nyuma ilikaa juu ya maji kama bata. Mbao hazikuvuja hata tone, zilikuwa zimekunywa. Makasia yalikuwa yamefungwa chini ya ubao. Sijui kwa nini niliyafunga. Nadhani kwa sababu Olive aliyafunga daima. Mipini imelika kwa viganja vyake, vidogo kuliko vyangu.

Nikapiga makasia. Hedley akanifuata nyuma na farasi wake mia na kumi na tano, wakitambaa, wakikohoa. Akawa anapaza sauti. "Vuta kulia, mtu wa bara! Kulia kwako, si kwangu! Unavua samaki au unakoroga uji?"

Kuutafuta Mwamba nikakwama. Mwamba uko chini ya maji, hauonekani kwa macho, ni lazima ulinganishe alama za nchi kavu. Na alama alizijua Olive, mimi nilikuwa dereva tu. Nikamtazama Hedley. Akatazama pembeni, mdomo kaufunga. Mapatano ni mapatano. Nikakumbuka kidole cha Olive. Kilikuwa kikipanda hivi, taratibu, mpaka mnara wa kanisa ukae juu ya bomba la moshi la nyumba ya bluu. Nyumba ya Triffie! Nikarudi nyuma kidogo. Mnara ukakaa.

Chewa watano. Wa kwanza alikuja kabla kamba haijatulia. Nililia kidogo, nikasingizia molasi ya mkate wangu. Hedley akasema molasi hailizi mtu. Nikamwambia yake hailizi.

Nilifika gatini adhuhuri haijafika, mikono imechubuka, gati zima likipiga makofi na yule wa meno ya bandia akiyashika kwa tahadhari. Hedley akamwambia Maud petunia atazipanda kwenye tairi. Kisha akaja karibu, akaninong'oneza kwamba Olive angeona vile nilivyokaa na kofia inaelea, angecheka mpaka ajikojolee.

Angecheka hivyo. Nimecheka na mimi, hapa jikoni, peke yangu.


Jumatatu, 1 Julai

Nimekwenda kumwomba radhi Triffie kwa injini ya marehemu. Akasema usijali, kipenzi, hata yeye alitishia kuitupa baharini mara nyingi, ila alikuwa hana uthubutu kama wangu. Kuni bado anazitaka.

Niliporudi nikakuta injini mlangoni, imefutwa, imetiwa mafuta. Nane. Ya Hedley mwenyewe, ya zamani. Hakuacha ujumbe. Nimempelekea chewa wawili na shukrani, na nilimaanisha. Ni ndugu mwema. Injini nimeiweka bandani, nyuma ya makopo ya rangi, ambako haitamuumiza mtu.

Kwa maana nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Arobaini haikuniangusha. Kilichoniangusha ni chumvi. Mashua iliyofika Mwambani kwa mikono ya mgane mwenye mgongo mbovu, itafanya nini kwa injini ya kweli? Na ghuba ya jirani kuna bwana anauza ya sitini.

Olive angeshasema nizime taa. Nitaizima. Ila kwanza niandike kwamba magunia tisa ya saruji yameshapangwa omoni, chini ya mto wake nimeweka turubai, na mashua imerudi majini. Hedley hajui. Nimeuliza dukani mara mbili, kwa uangalifu, kama saruji nayo huyeyuka ikiingia maji. Wameniapia. Haiyeyuki kamwe.