Wimbo Wangu wa Roki Ulioita Wanawake wa Dirma

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, na mpaka sasa nazunguka chumbani, kukaa siwezi.

Nyie wa kundi hili mnanijua. Mtu akituma wimbo wa roki, mimi ndiye wa kwanza kusema, "Gitaa hili nimelisikia kwenye ule wa jana." Wanamuziki wote naona wanaibiana. Wiki iliyopita mkanichoka: "Tunga wako basi, usiofanana na wa mtu!" Nikatunga. (Siku tatu! Vidole vina malengelenge.)

Leo nikaenda na wimbo huo Dirma, kwa kina Paulina, mchumba wangu. Wao ni wafugaji, sisi ni wakulima wa Mbulu, na mama yake alikuwa hajanikubali. Nikasema wimbo utanisaidia. Tangu alfajiri sikutulia. Nakaza nyuzi, nalegeza, naenda chooni, narudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Sikungoja zaidi. Nikachomeka gitaa kwenye spika ya kuchaji, sauti mpaka mwisho.

Nikapiga na kuimba! Nimefumba macho (wanaroki hufumba). Kufumbua, mama mkwe amesimama. Nikajua amependa, nikarudia kiitikio. Mara wanawake watatu wakaingia uani. Halafu saba. Wana fimbo, na wanaitikia wimbo wangu, hawakosei hata mahali pamoja! Nikafurahi, nikaongeza mbwembwe.

Bibi mmoja mrefu akasogea. "Ni nani?"

"Ni mimi, bibi! Shikamoo!"

"Umemkosea mwanamke gani?"

Paulina akaninong'oneza, "Wimbo huo wanawake wa huku huuimba wakienda kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Umeutoa wapi?"

Kichwani, naapa! (Labda niliwasikia wakipita siku ya mnada, ukanikaa bila mimi kujua.)

"Bibi, umefanana tu!"

"Tangu nizaliwe," bibi akasema, "sijaona mwanamume anayejiimbia mwenyewe."

Wakacheka mpaka wakaegemea fimbo. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe hakucheka. "Amenikosea mimi," akasema. "Kelele zake zimenikimbizia ndama."

Wakahukumu papo hapo: nikawarudishe hao ndama. Nimekimbia porini na viatu vya kuchongoka, suruali imechanika, wanawake wote wamesimama wanatazama. Ndama wa mwisho nimemleta nikiwa nimembeba.

Mama mkwe akamkagua ndama, akanikagua mimi. Akamwambia Paulina, "Jumamosi arudi. Gitaa libaki Mbulu."

Kwa hiyo mimi nimekubaliwa, gitaa limekataliwa. Atakayecheka namtoa kwenye kundi.