Wembe wa Babu Siku ya Posa ya Zuhura

Leo nimekwisha, jamani. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kabla Bi Tatu jirani hajaipandisha habari hii kwenye treni ikawafikia huko Mwanza ikiwa imenenepa.

Mnajua leo ilikuwa siku ya posa ya mdogo wangu Zuhura. Kijana anampenda, naye anampenda (hasemi, ila siku hizi anaimba akiosha vyombo). Tatizo ni wakubwa wa kijana. Wanataka harusi mara baada ya mavuno, na Zuhura amebakiza mwaka mzima chuo cha ualimu. Nilimwahidi: "Hawatakutoa chuoni. Nitasema mimi." Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili yeye na Asha wasiache. Sikushona viatu vya mtaa mzima wa Ng'ambo hapa Tabora miaka kumi ili aishie njiani.

Kwa hiyo kazi yangu leo ilikuwa sentensi moja tu. Lakini sentensi ya mkubwa wa nyumba inataka uso wa mkubwa wa nyumba. Wangu una ndevu kama shamba la mvivu: hapa kichaka, pale jangwa.

Kinyozi? Balozi wa nyumba kumi alimchukua alfajiri kwenda shamba la ujamaa. Nyembe za dukani? Muuza duka alinitazama kama nimeulizia almasi. Nikafungua kasha, nikatoa wembe wa babu. Ule wa kukunja, mpini wa pembe. Babu alikuwa mpagazi, na wembe ule ulitoka pwani hadi Tabora kwa miguu. Ulimnyoa babu, ukamnyoa baba. Zamu yangu ilipofika, baba hakuwepo wa kunionyesha.

Lakini mimi si fundi viatu? Nakata ngozi kila siku! (Ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Halalamiki.)

Nikaunoa kwenye jiwe langu la visu. Asha, kitinda mimba wetu, akashika kioo.

"Kaka, hupaki sabuni?"

"Fundi hafundishwi."

Nikavuta mara moja. Damu. Nikapaka sabuni.

Kidevu kikaisha, nikabandika vipande vya gazeti kwenye majeraha. Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini Asha akatazama nywele za mbele ya masikio.

"Za kushoto ziko chini."

Nikazipandisha za kushoto.

"Sasa za kulia ndizo ziko chini."

Nikazipandisha za kulia. Tukaenda hivyo, kushoto, kulia, kama askari wa gwaride. Nilipozinduka nilikuwa nimeshapita masikio, naelekea utosini.

"Kaka," akasema Asha, "umekuwa kama umebeba sahani ya nywele."

Zuhura akaingia, akaniona, akakaa chini. Alicheka mpaka machozi yakamlowesha kanga. (Asante, dada. Ni kwa ajili yako.) Sikuwa na njia nyingine. Nikanyoa zote, nikavaa kofia ya baba. Jana ilinienea. Leo ikateremka mpaka kwenye nyusi.

"Hodi!"

Wakaingia wazee watatu kutoka kijiji kimoja cha barabara ya Sikonge. Mbele yao Mzee Maganga, mjomba wa kijana na mshenga wao. Sasa tazameni alichokiona. Mikeka imetandikwa uani. Sufuria kubwa iko motoni. Bi Tatu anakata vitunguu, machozi yanamtiririka. Zuhura anakimbilia nyuma ya pazia la mlango, macho mekundu. Na mimi nikainama, "Shikamoo, mzee," kofia ikaanguka. Kipara kibichi, kinang'aa, kina damu.

Kwao, mkubwa wa nyumba akinyoa kichwa chote, kuna mtu amezikwa.

Mzee Maganga hakuitikia marahaba. Alivua makubadhi taratibu, akaketi, akainua mikono. Nikajua ni dua ya kufungua shughuli.

"Mola amsamehe."

"Amina!" (Nilikuwa wa kwanza, na kwa sauti kuliko wote.)

"Amlaze mahali pema."

"Ami..." Hapo nikasita. Nani tena?

"Poleni sana, baba. Shughuli yetu ni ya furaha, haiingii nyumba ya msiba. Tutarudi arobaini ikipita."

Wakasimama. Nyuma ya pazia kicheko cha Zuhura kikakatika. Anajua, nami najua: huko kijijini kuna shangazi wa kijana, ana binti wa jirani mkononi wa kumwoza, na siku arobaini zinamtosha sana.

Ningeweza kunyamaza. Mfiwa anaheshimiwa. Mtu aliyejinyoa vibaya, hapana.

"Mzee, hakufa mtu."

"Na hicho kichwa?"

"Nilikuwa nanyoa ndevu."

Mwiko wa Bi Tatu ukaanguka.

"Ndevu," akarudia Mzee Maganga. "Kwani kwenu huota mpaka wapi?"

Wenzake wakaziba midomo kwa mikono. Yeye akaniambia nilete wembe. Akaujaribu kwenye ukucha.

"Umeunolea nini, tofali?"

"Jiwe la visu vya viatu."

"Nani alikufundisha?"

"Baba alifariki kabla ndevu hazijaota."

Akanitazama kidogo. "Lete ngozi. Si ndiyo kazi yako?"

Ngozi! Nimelala na ngozi chumba kimoja miaka kumi, sikuiwaza! Nikamletea ukanda wa ngozi, akausugua wembe juu yake huku na huku mpaka ukapata makali.

"Keti. Nyuma ya sikio umeacha manyoya, na shingoni sijui ulikuwa unalima nini."

Basi nikanyolewa mbele ya wakwe. Wembe ulipofika kwenye koromeo, akauliza kwa upole kabisa:

"Harusi baada ya mavuno, au siyo?"

"Baada ya chuo."

Wembe ukasimama.

"Umesemaje?"

Sikumeza mate. (Hapakuwa na nafasi.) "Zuhura amalize chuo kwanza, mzee. Hata ukininyoa na nyusi."

Akawageukia wenzake. "Mnamwona? Kichwa hakina nywele, koo lina wembe, na bado anapanga yeye." Akapangusa povu kwenye wembe, akahamia karibu na jicho. "Haya, amalize. Kijijini darasa tunalo, mwalimu ndiye hatuna. Geuza shavu."

Bi Tatu akapiga kigelegele. Mzee Maganga akashtuka.

Unyusi wa kushoto, jamani. Wote.

Zuhura anaimba tena, kwa hiyo mkija mwakani kwenye harusi, chekeni chakula kikishaliwa. Sasa hivi Asha amesimama mlangoni na kioo, anasema unyusi wa kulia umezidi. Wembe nimeuficha.