Gitaa Lile Lile la Solo

Asubuhi hiyo kahawa haijatuliza mashapo, gazeti lilishafika kibarazani na fujo zake. Msomaji alikuwa Waya, fundi redio, maana miwani ya kijiwe kizima ilikuwa moja na zamu ilikuwa yake. Makumbusho ya mji, akasoma tangazo lililotoka wiki nzima, yanakusanya ala za bendi za zamani, na sharti ni moja tu: kila chombo kiwe katika hali yake ya asili.

"Asili," Waya akarudia, akamtazama Solo juu ya miwani. "Hapo ndugu zangu ndipo penye mfupa."

Mama Kahawa alikuwa akipepea jiko, hakugeuka. Habari hiyo alikuwa ameilalia na kuiamkia wiki nzima. Solo ni mumewe, mpiga gitaa wa bendi iliyokufa kabla wajukuu wao hawajazaliwa, na watu wa makumbusho alishawaita waje leo. Kanyoa ndevu, kavaa suti ya jukwaani iliyokubali mabegani ikagoma tumboni, na gitaa lake la umeme kalipakata kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Tangu bendi ife, mkewe hakuwahi kumwona akiamka na wimbo mdomoni. Leo aliamka nao. Ndiyo maana mama wa watu aliamua kufunga mdomo, ingawa alikuwa na la kusema.

"Gitaa ni lile lile nililopigia siku ya kwanza ya bendi," alisema Solo. "Lile lile."

Randa, seremala, akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Yeye hana ugomvi na hiyo lile lile, akasema, ila shingo aliichonga yeye kwa mkono wake, baada ya ile ya kwanza kukaliwa na bibi harusi. Waya naye hakukubali kupitwa. Nyaya, swichi na sumaku zinazovuta sauti kaziweka yeye, tena sumaku moja aliitoa kwenye redio ya mteja aliyehama, ndiyo maana gitaa likiwashwa karibu na dirisha linashika taarifa ya habari. Koti Mbili, mpaka rangi wa magari, akasubiri wenzake wamalize kujisifu ndipo ajisifu vizuri. Gitaa lilikuwa jekundu, akalipaka bluu bendi ilipobadili sare, kisha akalipaka dhahabu kwa rangi iliyobaki kwenye gari la bosi mmoja. Kwa hiyo, akahitimisha, hilo gitaa na gari la bosi ni ndugu wa damu.

Mjadala ukahama. Sasa haukuwa tena kama gitaa ni la asili, bali ni la nani. Randa akashikilia kwamba gitaa bila shingo ni ubao wa kukatia vitunguu. Waya akajibu kwamba gitaa la umeme bila umeme ni kasia. Koti Mbili akawakumbusha wote kuwa watu huenda makumbusho kutazama, hawaendi kunusa nyaya.

"Ninyi mlikarabati tu," Solo akawakata. "Mzee akitiwa meno ya bandia, si anabaki mzee yule yule?"

"Meno sawa," akasema Waya. "Wewe umebadili shingo, ngozi na sauti, halafu unatuambia ni shemeji yule yule."

Solo akajitetea kwa silaha ya mwisho: mwili wa gitaa. Ule ubao wenyewe haujaguswa na mtu. Hapo Randa akaanza kukichunguza kikombe chake kana kwamba kimeandikwa ndani. Mama Kahawa akaona aibu ikija, akaona heri impate mumewe mbele ya marafiki kuliko mbele ya wageni.

"Mwili wa kwanza mlishaunywa," alisema taratibu.

Akawaeleza. Ulipasuka masika yale paa lilipovuja, mumewe akiwa safarini. Yeye na Randa wakaona huruma, Randa akachonga mwingine wa mlango wa kabati, Koti Mbili akaupaka pasipo kuuliza. Vipande vya zamani viliingia jikoni, kwa kuwa mkaa ulikuwa umelowa.

"Na mkasifu, mkisema kahawa ya leo ina mahadhi."

Hakuna aliyecheka. Solo aliutazama ubao mapajani mwake kama mtu aliyekumbatia mgeni akidhani ni ndugu. Mkewe akatamani kuyameza maneno yake, lakini yalishatoka, na bibi wa makumbusho alishaingia kibarazani na glavu zake nyeupe.

Bibi yule akaligeuza gitaa, akauliza ni kipi humo kilichokuwepo tangu mwanzo. Solo akawatazama mafundi wake watatu, mmoja mmoja. Mgeni akashika mkanda wa kuvalia, mweusi kwa jasho, akatoa mkobani picha ya bendi. Pichani ulikuwamo mkanda ule ule, wenye kiraka cha pazia la maua.

"Huo usiuhesabu," Solo akasema kwa haya. "Mke wangu aliushona kwa mkanda wa begi alilokuja nalo kwangu. Nimenunua ya ngozi, yote inanikata bega. Tangu picha hiyo naufichia ndani ya koti."

"Haujabadilishwa hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Basi bibi wa makumbusho akaufungua, akaukunja kwenye kitambaa safi kama dhahabu, akauliza pale kwenye kabati la kioo la makumbusho aandike jina la nani. Solo akafungua mdomo kutaja lake, akamtazama mkewe. Kisha akasema, "Mwandike yeye. Mimi uniandike chini, kwamba niliuvaa."

Mgeni alipoondoka, marafiki zake Solo wakamsihi awapigie kidogo. Solo akasimama kwa madaha ya zamani, akaliachia gitaa likae begani, likateleza kwa kukosa mkanda, Randa akalidaka kwa shingo, ile ile aliyoichonga. Ikabidi mpigaji akae chini.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo, "lile begi si lilikuwa na mikanda miwili?"

Mama Kahawa akamjazia kikombe hadi ukingoni.

"Upo wa pili, baba. Lakini kwa kubadilisha nakujua. Siku ikifika zamu yangu ya kubadilishwa, begi langu nitaondoka nalo kwa mkanda gani?"