Majibu ya Maabara ya Ras Hlima

Jumanne, 14 Oktoba. Asubuhi upepo wa kusini, vumbi jekundu, bahari imetulia. Shangazi Zohra anaumwa mguu hakuja mkutanoni, nami nimemwandikia hotuba ya Mheshimiwa Daktari Lamjed, mkuu wa ofisi ya bahari, yote, ajue kama kesho tuchimbe chaza mchangani au tukae.

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, waheshimiwa wanajopo, wahisani mliotoka mbali, wadau wa bahari kwa ujumla wenu, nanyi mama zangu wachimba chaza, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Tangu tuwakataze kuchimba kwa sababu ya lile povu la njano la kiwandani, dunia imekuwa ikiniuliza: sera mtaitungaje? Nikasimama kule Geneva, na tai hii hii, nikajibu: kwa sayansi! (Makofi.) Ndipo nikawaagiza mniletee sampuli za maji, mkaleta chupa zilizoandikwa majina yenu, na leo, kufuatia upembuzi yakinifu, mchakato shirikishi na semina elekezi zenye chakula cha mchana, natamka kwamba asilimia tisini na tisa ya hatua za kuelekea utekelezaji zimeshaelekea.

(Bi Mannana, mchimba chaza mwenzetu: "Zimeelekea wapi, mwanangu?" Kicheko.)

Mbele, mama.

(Bi Mannana: "Mbele kuna nini? Tuchimbe au tusichimbe? Watoto wamechoka makaroni matupu!")

Nakuja huko. Plastiki nayo hatukuisahau. Tazameni mezani: hakuna chupa hata moja iliyonunuliwa leo, zote zimetumika tena! (Makofi. Bi Mannana anainua chupa ya mhisani, anaisoma: "Jamani! 'Zohra, karibu na bomba la kiwanda.'" Mhisani anaacha kunywa.)

Zilioshwa, mheshimiwa, kunywa tu! Maji yao tuliyarudisha baharini yalikotoka, maana maabara inasubiri kiwanja, kiwanja kinasubiri mkataba wa dunia, nami ningekaaje nayo ofisini? Yalikuwa yananuka, ndugu zangu! Macho yalinichuruzika machozi, katibu wangu akatapika mara mbili!

Sayansi juu! Sera juu zaidi! Asanteni sana kwa chupa.

(Bi Mannana, akifunga kitambaa chake: "Asante nawe, daktari. Majibu tumeyapata.")

Nimemsomea Shangazi. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia niitundike ndoo yake ya chaza ukutani, juu kabisa. Saa tano na robo usiku, nalala.